Mama Yangu Amebadilishwa kwa Farasi

"Farasi?" nikamwuliza. "Umemtoa mama yangu, ukachukua farasi?"

"Punguza sauti, Mama Zefania. Majirani wanasikia."

"Majirani wana mama zao. Nijibu mimi."

Gaspari alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akifunga kamba za viatu vya kazi. Mimi nilisimama mlangoni, Luciana mgongoni, kopo la mkanda wa sinema mkononi. Hakunyanyua uso.

"Sikumtoa. Nimebadilishana. Kubadilishana si kuuza."

"Umebadilishana na nani?"

"Na Bwana Hussein."

"Lini?"

"Ulipokuwa zamu."

"Kwa hiyo mimi niko wodini napokea watoto wa watu, wewe huku unamtoa mama yangu chini ya kitanda."

Akaifungua kamba aliyokwisha kuifunga, akaifunga upya. Gaspari akijishughulisha hivyo ujue umempata.

Niliyagundua hivi. Asubuhi ile nilifungua kopo, nikavuta mkanda kidogo, nikauinua dirishani penye mwanga, kama nilivyozoea, ili Zefania amsalimie bibi yake. Picha zenyewe ni ndogo kama ukucha, lakini ukikaza macho unamwona bibi na ungo wake. Zefania akakaza macho. Akaniambia, "Mama, bibi amekuwa ng'ombe."

Nikatazama mwenyewe. Hakuwa ng'ombe. Alikuwa farasi, amesimama uani kwa watu, na vitu vyeupe vinamwangukia.

"Ile ni theluji," Gaspari alisema sasa, polepole, kama mtu anayekutajia jina la mtoto aliyezaliwa jana.

"Huyo farasi anafanya nini?"

"Amesimama."

"Halafu?"

"Theluji inaanguka. Karibu na mwisho anageuza kichwa."

"Akishageuza?"

"Basi. Mkanda unakwisha."

Nikamtazama mume wangu, mtu mzima mwenye kazi ya serikali. "Huyo ndiye uliyemtolea mama yangu?"

"Huwezi kuelewa," akasema. Akachukua kofia yake, akapita kando yangu, akaenda kuosha gari.

Kwa aliyeanza kunisoma leo, nieleze kwa ufupi, kisha tuendelee.

Mimi ni Rahabu, mzaliwa wa Issuna, mkunga niliyefuzu chuo wakati wa Mwingereza, tukiwa wachache kiasi kwamba tungeenea kwenye benchi moja. Mume wangu alikuwa mtafsiri kwenye gari la sinema la serikali. Sinema zile hazikuwa na sauti. Mzungu alikuwa anaendesha mtambo, na Gaspari anasimama kando ya shuka ya kuonyeshea picha, na kipaza sauti, anawasemea watu wa kwenye picha kwa Kinyaturu, au kwa Kinyiramba wakiwa upande wa Misigiri. Akitokea Bwana Shamba, Gaspari ni Bwana Shamba. Akitokea mama anayechemsha maji, Gaspari ni yule mama. Watu walimpenda kuliko hizo sinema zenyewe.

Mwaka uliotangulia, wakati wa mavuno, Mzungu wake alipiga picha Issuna. Akampiga picha mama yangu, Magdalena, akipepeta uwele. Mkanda ukapelekwa Dar es Salaam, ukarudishwa na maneno kwamba haufai, hauna somo. Ulikuwa utupwe. Gaspari akaniletea. Akasema, "Mama yako yumo humu."

Wakati ananiletea, mama alikuwa ameshazikwa. Na wiki iliyopita niliwasimulia jinsi nilivyofika msibani na mtoto mchanga, kaka yangu Simeoni akanizuia kwenye mlango wa nyumba niliyozaliwa, mbele ya watu wote wa matanga. Aliniambia, "Uliitwa mbele ya serikali nzima, ukakataa. Rudi ulikokaa." Sikuelewa hata neno moja. Niliitwa na nani? Serikali gani? Nilidhani msiba umemvuruga akili. Tangu siku ile sikukanyaga Issuna. Ndugu zangu wakija mnadani Singida wananikwepa kama mwenye ndui.

Kwa hiyo mkanda ule ndio uliokuwa mama yangu wote niliobakiwa naye. Picha nyingine hakuwahi kupigwa. Na sikuwahi kuuona ukizungushwa kwenye mtambo hata mara moja, maana Gaspari alisema mtambo wa serikali si wa mambo ya nyumbani, nisubiri, atapata nafasi. Nikasubiri. Nikawa namtazama mama dirishani, mkanda wa urefu wa mkono mmoja, basi.

Sasa tuendelee.

Nilimpeleka Zefania shule. Nikamfunga farasi kwenye kanga, nikaelekea sokoni kwa Bwana Hussein.

Hussein alikuwa mfanyabiashara wa nafaka, baba yake mtu wa pwani, bibi yake mzaa mama Mnyaturu. Mji mzima ulimjua kwa mambo mawili: mizani yake haikuwa na hila, na alikuwa na wazimu wa sinema. Alikuwa na mtambo wake mwenyewe na jenereta yake. Mzungu akihama, Hussein yupo kwenye mnada, hatazami makabati, anatafuta makopo ya mikanda. Akipata sinema ya ngumi au ya kucheza ngoma, anaibadilisha siku hiyo hiyo kwa Wahindi. Alitaka zile zilizowashinda wengine. Mvua kwenye bati. Mzee anachonga mpini. Treni imesimama, haiondoki. Vijana wa sokoni waliziita sinema za kulalia.

Gaspari alianza kumcheka kama wengine. Baadaye akaacha kucheka. Baadaye akawa na makopo yake mwenyewe.

Uani nilimkuta Kuluthumu, mke wa Hussein, anachagua mchele.

"Karibu, shoga. Mbona umekuja na uso wa matanga?"

"Mama yangu yumo humu ndani?"

Akaona umbo la kopo kwenye kanga. Mkono wake ukasimama juu ya sinia.

"Rahabu, nilitaka kukuambia."

"Ulitaka tangu lini?"

"Nikasema mambo ya wanaume na mikanda yao, nikiingia katikati nitaonekana mchonganishi."

"Kuluthumu, yule mtoto anayekimbia pale nilimpokea mimi, na miguu ndiyo iliyotangulia. Siku ile hukuniona mchonganishi."

Akainamisha kichwa. Halafu akasema jambo ambalo nadhani alilisema kwa kunihurumia, lakini lilinikata. "Mumeo huja kila Ijumaa Hussein akitoka msikitini. Hufunga mlango wa ghala, wanamtazama. Hata kabla ya kubadilishana alikuwa anauleta. Hata mimi nimemwona mama yako, Rahabu. Akigeuza ungo, mikono ni yako kabisa."

Kila Ijumaa. Mimi niko dirishani na mtoto, nakaza macho. Mke wa jirani ameshajua mikono ya mama yangu inavyogeuka.

Hussein akatoka ghalani na vumbi la uwele kwenye nyusi. Hasira haikunitoa adabu.

"Shikamoo, Bwana Hussein."

"Marahaba, shemeji. Za nyumbani?"

"Nyumbani kuna farasi. Nimekuletea."

Akacheka kidogo, akaona sicheki, akaacha. "Shemeji, tulipeana mikono. Mimi sikumlazimisha mumeo. Yeye ndiye aliyemtaka farasi. Alikuwa ananiomba tangu kiangazi."

"Ulijua huyo ni mama yangu?"

"Nilijua."

"Na ulijua amekufa?"

"Nilijua," akasema tena, kwa sauti ya chini. Sikumpenda, lakini niliona hasemi uongo.

"Basi niambie unamtakia nini. Huna udugu naye. Huna shida ya uwele, ghala limejaa."

Akajifuta nyusi. Alifikiri kwanza, wala hakunijibu kama mtu anayetaka niondoke.

"Shemeji, mimi kutwa nzima watu wananisemesha. Pima, punguza, nikopeshe, umeniibia. Hata sinema za serikali zinanisemesha. Chimba choo, ogesha ng'ombe. Naingia humu, nafunga mlango, mama anapepeta. Hanifundishi. Haniuzii. Mara ya kwanza niliona mwanamke na ungo. Mara ya kumi nikaanza kuona upepo, unavyokuja, unavyosita. Sasa naona hata yeye anausubiri, kabla haujafika bega linajua. Na nisikudanganye, kuna na hili: duniani ni mimi tu ninaye."

"Wako peke yako."

"Mtu anayekusanya vitu ndivyo alivyo. Sijisifu."

"Niwashie," nikasema. "Nimtazame kwanza. Kisha tutaongea habari ya farasi."

Kuluthumu akanishika kiwiko tukaingia. Hussein akafunga mlango, ghala likawa giza katikati ya mchana. Nje jenereta ikaanza kunguruma. Nikakaa juu ya gunia, Luciana nikamweka kifuani anyonye.

Ukuta ukawaka. Mama akawa hapo.

Sitaeleza sana. Alikuwa mrefu kama alivyokuwa. Aliinua ungo, akamwaga, makapi yakaenda upande, nafaka ikaanguka chini. Akainua tena. Nilijiona nataka kumwambia ajifunge kitambaa, vumbi litamwingia. Sikulia. Nilikuwa naogopa machozi yatanizibia.

Alipepeta hivyo muda mrefu. Halafu akaacha.

Akaweka ungo chini. Akajipangusa mikono kwenye kaniki. Akatutazama usoni, akaanza kusema.

Hilo sikulijua. Mkono mmoja wa mkanda dirishani haufiki huko.

Alisema, na hakuna sauti iliyotoka isipokuwa ya jenereta. Akanyamaza, akatazama kando kama anayehakikisha hakuna mtu, akasema tena. Alikuwa anaeleza jambo. Akaonyesha barabara kwa kidole. Akaonyesha ghala. Mwishoni akaweka kiganja kwenye mbavu, akakiondoa haraka. Akachukua ungo wake akaendelea.

"Hapo," Hussein alisema gizani. "Hapo ndipo ninapopapenda kuliko pote."

"Anasema nini?"

"Sijui, shemeji. Hakuna ajuaye. Ndio uzuri wake. Mtu anakuambia jambo kubwa la moyo wake, na halikufikii. Unakaa nalo tu."

Mimi nilikuwa nimeona midomo ikilitaja jina langu. Mtoto hasahau midomo ya mama ikimwita, hata ukiondoa sauti.

"Hakuna ajuaye," nikarudia. "Aliyeshika kamera alikuwa nani?"

"Mzungu wao. Kinyaturu hajui."

"Na aliyekuwa na Mzungu?"

Hussein akageukia mtambo wake. Kuluthumu akajibu. "Gaspari. Yeye ndiye anayemshikia miguu ya kamera."

Sikuhitaji kumwita. Mlango wa ghala ukafunguliwa, mwanga ukaingia, mama akafutika ukutani. Gaspari alikuwa amesimama mlangoni, mikono bado ina sabuni ya gari. Alikuwa amerudi nyumbani, hakuona kopo, akajua nilikoelekea.

"Mama Zefania, farasi yuko wapi?"

Ndilo lililokuwa swali lake la kwanza. Mnisikie vizuri wasomaji. Hakuuliza mtoto, hakuuliza mimi.

"Alisema nini?" nikamwuliza.

"Nani?"

"Usiniulize nani. Funga mlango."

Akafunga. Gizani sauti yake ilikuwa ndogo. "Hakuniambia mimi."

"Sijauliza alimwambia nani."

"Unaijua mila, Mama Zefania. Mimi ni mkwe. Hajawahi kunitazama usoni, wala mimi yeye. Hakunituma. Aliiambia kamera. Nikichukua maneno ambayo sikupewa, ni kama nimemchungulia mkwe wangu akioga."

Hapo niwaeleze wasio wa kwetu. Kwetu wakati ule mkwe na mama mkwe hawakuzungumza. Wakikutana njiani, mmoja aliacha njia akaingia vichakani. Mama akitaka kuagiza kitu kwa Gaspari, alikuwa anamwambia mtoto au anamwambia mlango. Na mkwe mwenye heshima anakuwa hajasikia, lakini kitu kinafanyika.

Mama alikuwa ameona gari la sinema. Aliona watu wa kwenye shuka wanafungua midomo na sauti inatoka kwenye vipaza, Kinyaturu safi. Kwake yeye mashine ile ilibeba maneno. Ilipokuja mbele yake, aliona amepata wa kumtuma. Na mkwe wake yuko pale pale, atahakikisha yanafika, bila yeye kumvunjia heshima. Hakukosea kufikiri. Alikosea mtu.

"Kazi yako ni nini, Gaspari?"

"Unaijua."

"Itaje."

"Mtafsiri wa sinema."

"Sinema ile pale. Simama mahali pako."

"Mama Zefania..."

"Bwana Hussein, rudisha mwanzo alipoweka ungo chini. Nakuomba."

Hussein alisita. Nilisikia anavuta pumzi. "Shemeji, akisema, haitakuwa sinema ile tena."

"Ni mama yangu," nikasema. "Sinema kaitafute kwingine."

Mkanda ukarudi nyuma, mama akainua makapi kutoka hewani akayaweka kwenye ungo. Kisha akaanza upya. Gaspari akaenda akasimama kando ya ukuta, mahali pa mtafsiri, nusu ya uso wake kwenye mwanga.

Mama akaweka ungo chini. Akafungua mdomo. Gaspari akanung'unika kitu.

"Kwa sauti," nikamwambia. "Kama unavyowasemea watu wa Misigiri."

Akasema kwa Kinyaturu. Mimi ninawaandikia kwa Kiswahili, na nimeyashika yote.

"Rahabu, mwanangu. Nakuita kwa mashine ya serikali, kwa sababu mguu wangu haufiki Singida na mdomo wangu haumfikii mumeo. Nina jambo mwilini ambalo mwanamume hawezi kuonyeshwa. Simeoni ni mwanangu, lakini ni mwanamume. Wewe umesomea mambo ya wanawake, umewatazama wa watu, njoo unitazame mimi. Pandia lori barabara hii hapa. Njoo na huyo mtoto nimjue. Nitakungoja. Nitawaambia hapa nyumbani kwamba nimeshakuita, wakutengenezee pa kulala. Njoo kabla uwele haujaingia ghalani."

Kiganja kikagusa mbavu. Kikaondoka. Gaspari alikuwa anakwenda pamoja na midomo bila kukosea, neno kwa neno, kama mtu anayesoma sala anayoijua tangu utoto. Alikuwa ameitazama kila Ijumaa.

Mama akachukua ungo akaendelea kupepeta.

Sasa nilielewa mlango wa Simeoni. Mbele ya serikali nzima. Aliwaambia wote, nimemwita Rahabu, nimemwita mbele ya Mzungu. Wakanitandikia kitanda. Kila lori lililopita barabarani mama alitoka nje kutazama. Uwele ukaingia ghalani. Alikufa akijua nimesikia, na nimekaa.

Mimi mkunga. Safari moja ya lori, basi.

"Kwa nini?" nikamwuliza Gaspari. Nilishangaa sauti yangu imetulia.

"Luciana alikuwa mchanga. Ningekuambia siku ile ungeondoka siku ile. Na mimi nilikuwa nakwenda Iramba na gari, Zefania angebaki na nani? Nikasema nikirudi nitamwambia. Niliporudi, habari ya msiba ilikuwa imeshafika."

"Na baada ya msiba? Umeniona nafukuzwa. Ulikuwa umesimama nyuma yangu."

"Ningesema nini pale?"

"Haya haya uliyoyasema sasa."

Akajipangusa uso kwa mikono yenye sabuni. "Nikawa namtazama hapa. Mara ya kwanza niliogopa. Lakini haina sauti, Mama Zefania. Anasema, na hakuna anayesikia. Hussein anaona ni uzuri. Nikaanza kuuona na mimi. Nikikaa hapa, ananitazama na hanidai kitu. Ukimtazama sana hivyo, inakuwa ni mwanamke na upepo tu."

Nadhani hilo lilikuwa neno la kweli kuliko yote aliyowahi kuniambia. Ndilo lililonimaliza.

"Halafu ukamchoka," nikasema, "ukataka farasi."

"Farasi hasemi kabisa," akajibu.

Hussein alizima mtambo. Alifungua mlango, mwanga ukatuumiza macho. Akautoa mkanda kwenye mtambo, akauweka kwenye kopo, akanipa kwa mikono miwili.

"Chukua, shemeji. Mimi sitaweza kumtazama tena. Kila nikifika pale nitasikia."

Nikafungua kanga, nikamwekea farasi wake juu ya mizani. "Na wako huyu. Tumemaliza."

Gaspari akasogea. Sikuamini macho yangu. Aliunyosha mkono wake, si kwangu, si kwa mtoto. Aliweka kiganja juu ya kopo la farasi.

"Huyu tulibadilishana," akamwambia Hussein. "Kama wewe umetoa mkanda kwa hiari yako, hilo ni lako. Farasi ni wangu."

Kuluthumu aliguna. Hussein alitazama sakafu.

Nilikuwa nimeingia mle ghalani nikitaka mkanda wangu nirudi nao nyumbani. Nilidhani nitagombana na mume wangu, atanuna, nitanuna, tutapika, tutakula. Nilipoona kiganja kile, nikajua sirudi nyumbani.

Nje lori la Hussein lilikuwa linapakiwa magunia matupu. Nikatoka.

"Kombo," nikamwita dereva, "leo unakwenda wapi?"

"Issuna, mama. Uwele."

"Bado una nafasi?"

"Ya mtu ipo."

"Nataka ya mtu na ya mtambo."

Hussein akatoka mbio. "Shemeji, mtambo wangu hautoki. Barabara ile itaukung'uta wote. Subiri Jumamosi nikupeleke mimi mwenyewe, taratibu."

"Mama alisubiri, Bwana Hussein. Umemsikia."

Akageuka kumtafuta mke wake. Kuluthumu alikuwa ameshaingia ghalani. Akatoka ameukumbatia mtambo tumboni kama mjamzito, akampita mume wake bila kumtazama.

"Utatoka," akasema. "Kombo, njoo ubebe hii jenereta, usiniangalie."

Walipakia. Wakaweka magunia chini, mtambo juu yake. Nikapanda nikakaa kando yake na Luciana, nikamwambia Kuluthumu, "Zefania akitoka shule anakula kwako, analala kwako. Ukaniombee ruhusa wodini. Sijakusamehe."

"Najua. Atakula."

Gaspari alikuwa amefika kwenye ubao wa lori, farasi kwapani.

"Mama Zefania, shuka tuongee. Unakwenda kufanya nini kule? Mkanda ni bubu. Utawawashia, watamwona anafungua mdomo, basi. Nani atawasemea?"

"Mimi."

"Wewe hujui kazi hiyo."

"Maneno nimeyashika."

"Simeoni atasema umeyatunga."

"Ndiyo. Atasema hivyo. Kwa hiyo panda useme wewe. Wewe ndiye uliyesikia."

Akalitazama lori. Watu wa sokoni walikuwa wameanza kusogea, wabeba mizigo, akina mama wa dagaa, kila mmoja anajifanya ana shughuli karibu yetu.

"Nikisimama mbele ya shemeji zangu nikasema nilisikia nikanyamaza," alisema polepole, "nitakuwa mtu gani?"

"Huyo huyo uliye."

"Nitaaibika mpaka Iramba."

"Panda au baki, Gaspari. Jua halitungoji."

Alishika ubao wa lori kwa mkono mmoja. Mkono wa pili haukuweza, una farasi. Nilimpa muda. Nasema kweli, nilimpa muda, hata Kombo alinitazama kwenye kioo kuuliza. Kulikuwa na gunia tupu karibu naye ambamo angeweza kuliweka lile kopo akapanda. Hakuliona, au aliliona.

"Kombo," nikasema, "twende."

Kombo akatia gia. Sikugeuka kutazama kama Gaspari anatufuata, maana nilikuwa nimeshika mtambo kwa mikono miwili usigonge ubao, na Luciana alikuwa ameanza kulia.